Baridi ya Mjomba

Mpapai ukiwa dume, hapa Ajia, West Nile, wapo wanaojua dawa yake: unapigiliwa msumari shinani, kisha unapewa muda wa kujirudi. Mjomba ni muumini mkubwa wa tiba hiyo. Ndiyo maana aliposikia kwamba kiwi nayo ina dume na jike hakutishika. Misumari alikuwa nayo.

Mbegu alizitoa Kampala, alikokwenda harusini. Alinunua kiwi katika duka kubwa kwa bei ambayo hadi leo Mkazamjomba haijui, akatukusanya sebuleni, akatugawia vipande vyembamba, halafu tulipoanza kutafuna akapiga kelele: "Temeni mbegu!" Wazee waliokuwa wamekuja kumpa pole ya safari nao wakatema kwenye sahani, kwa heshima.

Mbegu ziliota vizuri kwenye makopo, na mimi nikatwishwa kazi ya kusoma habari zake kwenye simu. Habari hazikuwa nyepesi. Mche wa mbegu hausemi kama ni dume au jike mpaka utoe maua, na hilo huchukua miaka. Wakulima wenye uzoefu hununua miche iliyobebeshwa, ambayo jinsia yake inajulikana, na kupanda dume mmoja kwa majike hata manane.

"Rudia hapo," alisema Mjomba.

"Dume mmoja, majike manane."

Mkazamjomba akaacha kuchambua mboga, akauliza hayo maandishi ni ya nani.

Kilichomtia nguvu Mjomba ni historia. Asili ya mmea huu ni China. Mwaka 1904 mwalimu mkuu mmoja wa shule ya wasichana, Isabel Fraser, alirudi nao New Zealand ukiwa bado mbegu, na mwaka 1910 matunda ya kwanza yakaonekana huko. Mjomba naye ni mwalimu mkuu, japo mstaafu. "Miaka sita," alisema, akaanza kujenga chanja.

Paka walikuja kabla ya chanja kukamilika. Kiwi na jamaa zake wana kitu majanini na mizizini kinachowalevya paka, na paka wa Ajia, ambao hawajawahi kulewa chochote, walikipokea kwa moyo wote. Walifika usiku kutoka vijiji ambavyo hatuna hata undugu navyo. Walijigaragaza, wakatafuna miche, wakaimba. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuuliza kwa upole kwa nini paka wanafanya mkutano uani kwa mwalimu. Mjomba akamjibu kweli tupu, kwamba ana mmea kutoka China unaoita paka gizani. Mimi nadhani uongo ungetusaidia zaidi.

Tulizungushia miiba, miche iliyonusurika ikapanda chanja, na hapo likabaki sharti kubwa. Aina ya kiwi inayouzwa sana madukani, Hayward, inataka mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 ili macho yake yaamke na kutoa maua. Sisi huku, mvua ya Julai ikishusha joto hadi nyuzi 18, watoto wanavalishwa sweta. Mtu mwingine angekata tamaa na kupanda mihogo. Mjomba akaagiza barafu.

Barafu ilitoka kwa muuza samaki wa mjini Arua, ikafungwa kwenye gunia lenye maranda na kupakiwa kwenye bodaboda. Kufika kwetu ilikuwa imebaki nusu, nusu nyingine imeishia mgongoni mwa dereva, aliyeshuka meno yakigongana. Kama kuna kiumbe katika West Nile nzima aliyetimiza saa zake za baridi, ni yule kijana. Kilichobaki tulikipanga shinani, tukakifunika kwa majani ya migomba. Asubuhi tukakuta chupa za soda za vijana wa jirani zimezikwa humo. Kufikia wiki iliyofuata Mkazamjomba alikuwa anauza soda baridi getini, akimwuliza Mjomba barafu nyingine inakuja lini.

Nikamweleza kuhusu Kabale. Kule milimani wakulima wa tufaha huupukutisha mti majani kwa mikono, ili udhani msimu wa baridi umepita na uanze kuchanua. Mjomba alifurahi, akapanga tuanze alfajiri. Mbuzi walianza usiku, na lazima nikiri kazi yao ilikuwa safi kuliko ambavyo sisi tungefanya. Mimea hiyo ya Kichina ilichipua tena kwa fahari. Majani matupu. Kabale, hata hivyo, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na haina Mjomba.

Wakati huo pesheni ya njano ya Mkazamjomba, iliyopandwa karibu na jiko bila hotuba yoyote, ilikuwa imeparamia chanja kutoka upande wa pili na kuning'iniza matunda. Pesheni ya njano haidai baridi, ila haijitoshelezi: inataka chavua ya mmea mwingine, iletwe na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti. Nyuki huyo alipata kwetu maua na boriti mahali pamoja, akatoboa nguzo za Mjomba mpaka chanja likainama.

Mpesheni mwingine uliokuwa karibu ulikuwa wa jirani, ng'ambo ya ua. Naye kwa miaka yote hii amesikiliza mihadhara ya Mjomba kuhusu dume na jike. Juzi alikuja na beseni. Alisema watoto wote wale waliopo chanjani baba yao anatoka kwake, na hajaona mtu akileta hata kuku.

Mkazamjomba alicheka hadi akakaa chini. Mjomba hakucheka, aliomba daftari na kalamu. Kikao ni Jumapili mchana, wazee wameshaarifiwa, na soda zitakuwepo, za moto.