Mheshimiwa Kigegezi

Watu wameshausifu Mlima Kilimanjaro, wameusifu Mji Mkongwe, wamesifu mpaka pilau ya harusini. Hakuna aliyesimama kumsifu Kigegezi, yule ambaye bara humwita kichefuchefu na watu wa pwani wakimwona kazini husema fulani kalewa bahari. Mimi nimekaa naye saa nne kati ya Nyamisati na Kilindoni, Jumamosi moja ya Julai, kusi linavuma. Nasema bila kushurutishwa: katika wote waliohusika na safari ile, ni yeye peke yake aliyeifanya kazi yake kwa bidii na asiombe hela ya soda.

Tulikuwa marafiki saba. Wazo la kwenda Mafia lilizaliwa kwenye sherehe, kama yazaliwavyo mawazo mengi yanayodaiwa michango baadaye. Tukafungua kundi la simu, tukaweka picha ya papa potwe. Papa potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, na sisi tulikuwa tunakwenda Julai, lakini hilo hakuna aliyeliuliza. Kiongozi wetu alikuwa mwenzetu tunayemwita Kapteni, kwa sababu ya kofia. Uzoefu wake wote wa bahari ni pantoni ya Kigamboni. Alipoulizwa mchango wake alijibu, "Nitatuma jioni."

Tukaondoka Mbagala usiku, tukakata kushoto Bungu, tukafika Nyamisati kabla ya alfajiri. Tiketi ilisema saa mbili asubuhi. Saa mbili ikaja, ikapita. Tukaambiwa maji yamekupwa, tusubiri yajae, kana kwamba kupwa na kujaa ni jambo lililoanza wiki ile.

Boti ilipong'oa nanga, Rufiji ilikuwa shwari kama chai kwenye sahani. Mikoko kulia, mikoko kushoto, simu zote hewani zinapiga picha. Kapteni akaanza kutufundisha historia: hapa ndipo ilipojificha manowari ya Wajerumani, Königsberg, mwaka 1914, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza pale Unguja, mwaka uliofuata Waingereza wakaiteka Mafia, wakawa wanarusha ndege kutoka kisiwani kuitafuta humu mikokoni. Alipofika kwenye ndege, sisi tukatoka kwenye mdomo wa mto. Habari ya ndege haikuisha.

Basi nianze na fadhila kuu ya Kigegezi, ambayo ni usawa. Mwaka 1967 tulitangaziwa Azimio la Arusha, tukaliandamania kwa miguu, tukaliimbia ngonjera, na bado mpaka leo kuna anayepita mlango wa mbele na anayepita wa nyuma. Kigegezi alihitaji dakika ishirini. Alianzia juu, kwenye chumba cha waheshimiwa chenye kiyoyozi na vioo visivyofunguka, ambako watu walilipa zaidi ili wasikae nasi. Hao ndio waliotapika wa kwanza. Akashuka chini kwa utaratibu. Hakuuliza kabila, hakuuliza chama, hakupokea simu kutoka kwa mkubwa. Nilimwona afisa wa benki amemshikia ndoo mchukuzi wa gatini, na baada ya muda mchukuzi akaishika ndoo kwa zamu yake, wala hawakujuana majina. Kapteni, ambaye asubuhi alimfokea mama mmoja aondoe gunia lake la vitunguu njiani, alikuwa amelilalia gunia lilelile kama mto wa arusi, na mama anampepea.

Wala si sisi akina yakhe tu. Nelson, admirali aliyewapiga Wafaransa na Wahispania Trafalgar mwaka 1805, alisumbuliwa na Kigegezi maisha yake yote ya bahari. Darwin alizunguka naye dunia kuanzia mwaka 1831 hadi 1836, na hakuzoea. Wanaosamehewa ni watoto wachanga, na hata hapo naona hekima, maana hawajamdhulumu mtu.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Sikio la ndani linaripoti kwamba tunayumba. Jicho, likiwa limeelekezwa kwenye kiti na sakafu, linaripoti kwamba tumetulia. Ubongo, kama kamati yoyote iliyoletewa ripoti mbili zinazopingana, unaamua kutapika.

Fadhila nyingine nazitaja tu: anapunguza gharama za chakula, anakomesha upigaji picha, anawarudisha watu kwenye sala. Amefufua hata mfuko wa rambo, uliopigwa marufuku Juni 2019. Wetu ulichomolewa mfukoni mwa baharia kwa siri, kama bangi.

Lakini ngoja niseme. Jaketi za kujiokolea nilizihesabu. Zilikuwa nyuma ya wavu wa chuma, zimefungwa kwa waya, na kufuli juu yake. Nilipomuuliza baharia ufunguo uko wapi, alinijibu kwamba zikiachwa wazi abiria wanazikalia. Ngazi zilijaa watu. Kati ya kreti za soda alilala mama mjamzito juu ya khanga, anarudi kutoka hospitali ya Dar es Salaam, na kila wimbi kreti zilimsogelea. Usawa gani huo? Sisi sita tulikuwa tumekwenda kustarehe na wa saba kuvaa kofia.

Bibi mmoja wa Jibondo, aliyekaa kando yangu akimenya chungwa kwa kisu bila hata kuyumba, alinipa kipande cha ndimu ninuse. "Usiyatazame maji, mwanangu, tazama mbali kule," akasema. Kisha akaongeza, "Pole. Wewe umekuja kutembea. Sisi hii ndiyo barabara yetu."

Jioni, Kilindoni, tulipoweza tena kuitazama sahani ya wali na samaki, meza ya pili walikaa watu wenye mikoba mipya inayofanana. Wamekuja kwa semina ya Jumatatu. Semina ya nini? Ya kuboresha usafiri wa majini. Wote walikuja kwa ndege, nusu saa tu kutoka Dar es Salaam. Nilimuuliza mmoja kama bahari ilimsumbua.

"Bahari iko shwari kabisa," akasema. "Nimeiona dirishani."

Hapo nikaigundua dosari pekee ya Mheshimiwa Kigegezi: mamlaka yake yanaishia juu ya maji. Waingereza waliruka, na hawa wanaruka, na kule chini mama anasukumwa na kreti.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, semina ijayo ifunguliwe ndani ya boti. Iwe Julai. Mgeni rasmi akae chini, karibu na vitunguu, na hotuba yake aanze kuisoma mara tu tukitoka kwenye mdomo wa Rufiji. Ufunguo wa lile kufuli aje nao yeye. Ndimu tutanunua sisi, kwa ile elfu themanini anayodaiwa Kapteni. Amesema atatuma jioni.