Kamera ya Kupandia Mlima: Mwongozo kwa Mtu wa Dar Aendaye Makuyuni

Kabla hujaingia dukani, hakikisha unajua unakwenda Makuyuni ipi, kwa maana nchi hii ina za kutosha. Iko Makuyuni ya Monduli, njia panda ya Manyara na Ngorongoro. Iko ya Himo, ambako Kilimanjaro huchungulia asubuhi ikijisikia. Na iko ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara, ambayo ndiyo yetu. Asiye makini humwambia kondakta "mimi nashuka Makuyuni", akavuta kofia usoni akalala, akaamshwa mahali ambapo watu wanamuuliza kama anataka gari la kwenda mbugani. Hilo hurekebishwa kwa nauli. Kununua kamera ya Makuyuni nyingine ni gharama kubwa zaidi, na mwongozo huu utakusaidia kuiingia kwa ufanisi.

Anzia Kariakoo. Muuzaji hatakuuliza unapanda mlima gani, atakuuliza bajeti. Ukishaitaja atapanda juu ya kigoda, ashushe boksi la juu kabisa, apulize vumbi na kusema, "Bosi, hii inavuta mpaka mwezini." Chukua hiyohiyo. Kweli inavuta, na kwa Makuyuni ya Monduli ingekufaa: nyumbu yuko mbali, jua linawaka, wewe umekaa garini na kiwiko umekiegemeza dirishani. Msitu wa Usambara ni habari nyingine. Humo kilicho mbali hukioni kwa sababu miti imekiziba. Kinachoonekana kiko hatua mbili kutoka puani mwako, na mwanga ni wa saa kumi na mbili jioni ilhali saa yako ya mkononi inasema saa sita mchana.

Mdomoni mwa lenzi pameandikwa namba ndogo yenye herufi f. Usiisome. Ukiisoma utagundua kwamba lenzi inayovuta mpaka mwezini huwa f/6.3 ikishavutwa yote, na kwamba lenzi fupi ya f/1.8, isiyovuta chochote na isiyomvutia jirani yeyote, hupitisha mwanga mara 12 hivi zaidi ya hiyo. Chini ya miti ya misitu ya Magamba au Mazumbai, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama umerudi na picha ya jani au picha ya chengachenga. Halafu lenzi ndefu haivuti mandhari peke yake, inavuta pia mtetemo wa mkono wako, na wewe umetoka kupanda mlima, unahema, mikono inacheza. Kinachotakiwa hapo ni shata ya haraka. Shata ya haraka inataka mwanga. Mwanga umebaki Monduli.

Chukua mfano wa ua ambalo dunia nzima imelipanda kwenye vyungu vya madirishani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku Usambara, alipata mimea midogo yenye maua ya zambarau na kuipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliuandika mmea huo na kuupa jina la Saintpaulia. Porini ua lenyewe si kubwa kuliko sarafu, na linapenda kuota kwenye mwamba wenye unyevu na kivuli. Kulipiga picha unatakiwa uiname, usogee, ushikilie pumzi. Sasa lenzi nyingi za kuvuta hazikamati fokasi mpaka urudi nyuma mita moja au moja na nusu. Rudi basi. Nyuma yako ni bonde, lakini muuzaji hakusema kamera inakuja na mahali pa kusimama.

Kinyonga wa huku naye, yule dume mwenye pembe mbili puani, hana haraka, kwa hiyo watu hudhani ni rahisi. Yuko kwenye kijiti kinachoyumba na upepo, rangi yake ni ya majani yaliyo nyuma yake, na kamera yako mpya yenye akili itakamata fokasi kwenye majani. Itafanya hivyo kwa usahihi mkubwa. Utapata picha safi ya majani yenye ukungu wa kijani katikati, na nyumbani utaeleza kwa kidole: hapa ndipo alipokuwa.

Kuhusu uzito nashauri usipungukiwe. Mwili mkubwa wa kamera pamoja na lenzi ya 70-200 ya f/2.8 hupita kilo 2, hapo hujaweka stendi ya miguu mitatu, lenzi ya akiba, chaja, na kile kitambaa cha kufutia ambacho hakijawahi kuonekana tena baada ya siku ya kwanza. Vifunge vyote kwenye begi lenye zipu nne, uliweke mgongoni, uanze kupanda. Kwenye kona ya tatu atakupita mama wa makamo amevaa kandambili, kichwani ana tenga la plamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole. Umebeba mashine ya kusaga?"

Ukimwomba umpige picha, atasimama, maana watu wa huku ni waungwana. Wewe fungua zipu ya kwanza. Toa lenzi uliyoiweka, weka uliyoitaka. Ondoa kifuniko. Washa. Rekebisha. Mama atakuuliza kama bado, kisha atakwambia ana soko, na kwa adabu kabisa atakuachia mgongo wake, ambao kwa bahati unapendeza. Kijana wa kukuongoza njia ameshapiga tatu kwa simu na mbili kati yake zinafaa. Hapo usiseme neno. Sema betri ilikuwa na tatizo.

Simu na kamera ndogo ya mfukoni ni vitu vya kukwepa kabisa kwa mtu anayetaka kuheshimiwa. Vinaingia mfukoni, vinatoka kwa mkono mmoja, na mwisho wa siku unajikuta na picha nyingi na hadithi chache.

Megapikseli? Nyingi. Usiulize ukubwa wa sensa iliyozibeba, maana sensa ndogo yenye megapikseli nyingi hubanana kama abiria wa daladala, na gizani kila mmoja anapiga kelele.

Sasa hali ya hewa, ambako wageni wengi hufanikiwa kuharibu kila kitu bila msaada wa muuzaji. Mombo, chini ya mlima, ni joto. Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari na mwendo wa kilomita thelathini na kidogo za kona, kuna baridi na ukungu. Lala huko na kamera yako, iwe baridi kama mtungi, halafu asubuhi shuka nayo moja kwa moja kwenye joto na unyevu wa bondeni na uitoe kwenye begi papo hapo. Kioo kitalowa, ukifuta kitalowa tena, na kama una bahati mbaya zaidi unyevu utakuwa ndani. Vitabu vya wageni hushauri uifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki mpaka ipate joto taratibu. Waandishi hao hawajui kuwa rambo zetu zilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Kopo la chakula lenye mfuniko unaobana hufanya kazi ileile, ila utalazimika kumweleza mwenye nyumba ya wageni kwa nini unalala na kopo.

Mambo ya betri kufa kwa baridi yaache kwa wale wa Makuyuni ya Himo. Wao wanakwenda mita 5,895, ambako betri iliyojaa inaweza kuzima mkononi ikafufuka ikipashwa moto kwapani. Ndiyo maana wanaojua hulala nayo ndani ya mfuko wa kulalia. Usambara betri haiuawi na baridi. Inauawa na wewe kutazama picha zako usiku kucha siku ambayo umeme umekatika.

Ukipenda droni, kumbuka inataka usajili na vibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga haipokei maelezo kwamba ulikuwa Irente na mandhari yalikuwa mazuri. Mandhari ya Irente ni mazuri kweli: unasimama ukingoni, mashamba ya mkonge ya Mazinde yako chini ya miguu yako, na nyika ya Wamasai inakwenda mpaka macho yachoke. Yanataka lenzi pana na kuamka mapema. Saa sita ukungu wa joto umeshafuta kila kitu, na ndiyo saa ambayo watalii wa Dar hufika.

Wala usione aibu ukipata hasara. Mwaka 1888 mpanda milima wa Kijerumani Hans Meyer alizunguka Usambara pamoja na mwenzake Oscar Baumann, na waliposhuka kuelekea Pwani wakadakwa na watu wa Abushiri, aliyekuwa akiwapinga Wajerumani, wakatiwa minyororo mpaka walipokombolewa kwa fedha. Meyer alirudi, na tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kilele cha Kilimanjaro. Alibadilisha mlima.

Wewe utabadilisha kamera. Ukifika Dar, ipige picha kwa simu, kwenye mwanga mzuri, juu ya meza safi, uiweke sokoni mtandaoni na maneno haya: "Imetumika mara moja tu, haina mkwaruzo, boksi lipo. Bei inapungua kwa aliye serious." Zipu zote nne bado zinafanya kazi, hilo nalo litaje.