Sehemu Tano Zenye Wenyewe: Piga Hodi Kabla Hujaingia

Mtoto wa Pwani hukua akiambiwa asipite mahali fulani magharibi inapoingia, kwa kuwa hapo pana wenyewe. Akiuliza ni akina nani, anapigwa jicho, mazungumzo yameisha. Mimi nasema yaendelee. Nyuma ya jini wa magofu mara nyingi yumo mtu aliyejenga, aliyeonewa au aliyekimbia, na hadithi ya kutisha ndiyo iliyomtunza asisahaulike. Tunahesabu kutoka tano hadi moja. Mwoga na asome mchana.

5. Beit al-Ajaib, Unguja

Sultani Barghash alilijenga jumba hili mwaka 1883, likitazama bahari ya Forodhani. Husimuliwa kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa ili jengo lisimame imara. Usiicheke simulizi hiyo, maana utajiri wa karafuu ulisimama kweli juu ya migongo ya watumwa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, majumba ya jirani yakabomolewa, lenyewe likabaki. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, mnara na sehemu ya mbele viliporomoka na watu wakapoteza maisha. Mizinga haikuliweza, majini hawakuligusa. Lililolishinda ni uchakavu. Tukihofia nyufa kama tunavyohofia mashetani, majengo yetu yatadumu.

4. Bahla, Oman

Jamaa zetu wa Oman wenye asili ya Zanzibar wanaujua vizuri mji huu, na wengi hulitaja jina lake kwa sauti ya chini. Ngome yake ya udongo ilikuwa ya Banu Nabhan, waliotawala hapo kuanzia karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15, na ukuta wa mji una urefu wa kilomita kama 12. Husimuliwa kwamba ukuta huo ulijengwa na majini kwa usiku mmoja. Na mti mmoja wa sokoni, wanasema, ulifungwa mnyororo ili majini wasiondoke nao! Mwaka 1987 ngome iliingia katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka uliofuata ikatajwa kuwa hatarini, na ilitoka hatarini mwaka 2004 baada ya kazi ndefu ya binadamu. Majini wakikujengea kwa usiku mmoja, jiandae kukarabati kwa miaka mingi.

3. Mapango ya Amboni, Tanga

Kilomita kama nane tu kutoka Tanga mjini, maji yamelichonga jiwe la chokaa hadi likawa na vyumba, ngazi na dari zenye popo. Humo mna mzimu wa Mabavu, mahali ambapo watu huleta sadaka na nadhiri zao: vitambaa, vyakula, marashi. Anayetafuta mtoto huomba hapo, na anayetafuta kazi pia.

Viongozi wa wageni wanayo hadithi ya Wazungu wawili waliopotelea ndani na mbwa wao. Mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro. Mbwa huyo alistahili nauli ya kurudi! Miaka ya 1950 mapango haya yalikuwa pia maficho ya Osale Otango na Paulo Hamisi, waliosakwa na serikali ya kikoloni. Wapo wanaowakumbuka kama majambazi, na wapo wanaosema waliwanyang'anya matajiri wakawapa maskini. Mahali ambapo kila mtu anaogopa kuingia, mkimbizi hulala usingizi mnono.

2. Pujini, Pemba

Kusini mashariki mwa Chake Chake pana mabaki ya ngome ya karne ya 15, na mwenyewe anatajwa hadi leo: Mkame Ndume. Husimuliwa kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi huku wakijiburuta kwa makalio. Ukikutana na mzimu wa fundi hapo, mpishe. Ana haki ya kulalamika.

Shuka kisimani uone mambo. Wanasema bwana huyu alikuwa na wake wawili wasioivana, akajenga ukuta ili wasikutane wakichota maji: mmoja akishuka kwa ngazi, mwingine akiteka kwa ndoo na kamba. Amezungushia ngome kuzuia adui wa nje, na vita viko kisimani! Pembeni pana chumba chini ya ardhi, ukutani pamechongwa siwa katika chokaa, lile pembe la enzi ya watawala. Wanaakiolojia wanakitazama kama mahali pa kuwaendea mizimu. Dhalimu aliyetisha wote juu ya ardhi, huku chini alikuwa mwombaji.

1. Gede, Kenya

Namba moja haina mpinzani. Karibu na Watamu, ndani ya msitu, umelala mji mzima wenye jumba la kifalme, misikiti na visima. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba hapo mwaka 1948, na nyumba akazipa majina ya vitu alivyovikuta: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Yeye mwenyewe, msomi wa vipimo na koleo, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna anayemtazama kutoka nyuma ya kuta. Wazee wa hapo wasingeshangaa, kwani husema roho za wakubwa wa kale bado zinaulinda mji.

Kwa nini watu walihama karne ya 17? Wanahistoria wanataja vita, Waoromo waliokuwa wakishuka pwani, na visima vilivyokuwa vikikauka. Mji ukaachiwa kima na mizizi, na hofu ikafanya kazi ya askari: anayeogopa wenyewe hang'oi mawe yao akajengee banda. Mwaka 2024 Gede iliingia katika urithi wa dunia, na naamini majini wanastahili sehemu ya pongezi.

Basi nenda. Chukua kiongozi wa hapohapo, lipa kiingilio, usiokote hata kigae. Na mzee akianza kusimulia, zima muziki, washa kinasa sauti.