Kwa Ofisi Inayohusika na Miguu

Mkurugenzi Mkuu,
Ofisi Inayohusika na Watu Wanaotembea,
Popote Ilipo.

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUTEMBEA MIKONO MITUPU

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza naomba radhi kwa kutojua anwani yako. Si kwamba sikuitafuta. Barabara kuu na za mikoa zina TANROADS, za wilaya zina TARURA. Hifadhi za taifa zina TANAPA, mapori ya akiba yana TAWA, misitu ya hifadhi ina TFS. Lori la kabichi linaloteremka Mombo lina mwenyewe serikalini. Kinyonga wa Usambara naye anaye, pengine hata wawili. Lakini ile njia yenye upana wa mtu mmoja na mzigo wake, inayoanzia nyuma ya nyumba, ikapita kando ya maharage ya jirani, ikavuka kijito kwa gogo na kuibukia karibu na kanisa, hiyo sijaiona kwenye orodha ya mtu yeyote. Ndiyo maana barua hii naiacha wazi, aliye karibu nawe akusomee.

Ombi lenyewe ni dogo. Jumapili, baada ya ibada ya kwanza, nataka kutoka Lushoto mjini na mke wangu, watoto wetu watatu na dada yangu mwenye goti bovu, twende Irente kwa miguu. Ni kilomita tano au sita, inategemea unakatiza wapi. Njiani kuna mikaratusi, bustani za karoti, na watoto wanaouza plamu kama msimu umefika. Mwisho wa njia kuna mwamba. Ukisimama juu yake unaiona Mazinde chini kabisa, na mashamba ya mkonge, halafu nyika inayoendelea mpaka macho yachoke. Tutakaa, tutakula viazi vya kuchemsha, tutarudi. Hatuendi kileleni. Hatuna bendera ya kusimika, wala hatuchangishi fedha za madawati.

Tatizo ni kwamba hatutabeba mzigo.

Kwa ninavyoelewa taratibu zilizopo, watembeaji wa nchi hii ni wa aina mbili. Kuna mtalii, mwenye kofia pana na fimbo mbili, anayetembea kwa sababu anapenda, naye hulipia mapenzi hayo. Na kuna mwananchi, mwenye kuni, ndoo au mkungu wa ndizi, anayetembea kwa sababu nauli haipo. Mwananchi mwenye nauli mfukoni na mikono mitupu, anayekwenda mahali kusudi arudi, huyo hana kisanduku chake kwenye fomu.

Mpangilio huu una umri mkubwa, sikulaumu wewe. Wajerumani walipoupa mji wetu jina la Wilhelmstal walikuwa wameipenda baridi yake, wakawa wanapanda kutoka pwani kuja kuvuta hewa. Waliopanda pamoja nao walikuwa na masanduku kichwani. Njia ilikuwa hiyo hiyo moja, kona zile zile. Mmoja akisema mandhari ni nzuri, mwingine akihesabu kona zilizobaki. Mwaka 1961 tukapata uhuru na masanduku yakatuliwa. Lakini sikumbuki kusoma tangazo lolote la serikali linalosema kwamba sasa na sisi tunaweza kupita hapo bila mzigo.

Na umma umeuzoea utaratibu huu. Ukitoka na familia nzima kwa miguu, kila kibaraza kina swali. Mna msiba? Hapana. Gari limeharibika? Hatuna gari. Sasa mnakwenda wapi? Irente. Kwa nani? Hakuna mtu. Hapo sura hubadilika. Safari iliyopita kijana wa bodaboda alitufuata nyuma kwa mwendo wa konokono, injini ikiunguruma, akipunguza bei kila baada ya kona: mama na mtoto buku mbili, basi buku na nusu, hao wengine watembee. Nilipomwambia kwamba tunatembea kwa hiari, alinitazama, kisha akamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama mzee yuko sawa. Dada yangu alishauri tuazime mkungu wa ndizi pale njia panda, tuubebe kwa zamu, tuonekane watu wenye akili zao.

Sisemi kwamba serikali haithamini kutembea. Inathamini sana, mradi kuwe na fulana. Matembezi ya hisani, matembezi ya mshikamano, matembezi ya kuadhimisha wiki ya hiki na kile: barabara hufungwa, bendi hupiga, gari la wagonjwa hufuata nyuma, na mgeni rasmi hutembea mita zake chache kisha akakaa kwenye hema kuwasubiri wengine. Hata historia yetu ina miguu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama hadi Mwanza akitembea, kiasi cha kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Nawaza ingekuwa leo, afike geti la kwanza na kifimbo chake, aulizwe kama ana namba ya malipo.

Kwa hiyo, ili kurahisisha kazi yako, tumejipanga. Mimi nitakuwa mgeni rasmi. Mke wangu atasoma risala. Dada yangu, kwa goti lile, ndiye majeruhi, hivyo tutahitaji gari la wagonjwa au angalau mkokoteni. Fulana tunazo nyingi za chaguzi zilizopita, za rangi mbalimbali. Naomba mwongozo kama zinaweza kuvaliwa kwa pamoja na watu wa familia moja.

Njia ya halali nayo nimeijaribu. Ilikuwa kwenye msitu mmoja wa milimani ambao sitautaja, maana wa getini walikuwa waungwana. Kijana aliyetupokea aliuliza: ninyi ni watalii wa ndani au mnapita tu? Nikasema vyote viwili, akaweka kalamu chini. Kiingilio cha mwananchi hakikuwa kikubwa, silalamiki. Ila fedha taslimu haipokelewi, na mtandao wa kutoa namba ya malipo ulikuwa unasumbua. Basi hela iko mkononi, geti liko wazi, msitu uko pale unanukia mvua, na sisi tumekaa chini ya bango la makatazo ambalo mwanangu wa kati alilisoma lote, akalirudia, akaanza kuuliza maana ya drone. Mtandao uliporudi tukapewa pia mwongozaji, kwa kuwa bila yeye tungepotea kwenye njia ambayo haina hata njia panda.

Hatujafika mbali tukapishana na bibi mwenye mzigo wa kuni. Ilikuwa siku yao ya kuokota. Mwongozaji akatuomba tusimame pembeni, akaeleza kwa sauti ya kitaalamu kwamba hapo tunamwona mwenyeji katika shughuli zake za asili. Mwenyeji akasimama, akamtazama, akamwambia: "Wewe, mama yako anakutafuta tangu jana." Kisha akaendelea na safari yake, pekupeku, haraka kuliko sisi wote, bila risiti. Njia ile ni nyayo zake na za wenzake waliomtangulia. Lakini mwenye kitabu cha stakabadhi hakuwa yeye.

Usidhani ni Lushoto tu. Morogoro mtu anaweza kutoka mjini asubuhi, akapanda Uluguru hadi kwenye jumba la kale la Mjerumani pale Morningside, akashuka bado ana njaa ya mchana. Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori, mtoto wa chekechea anafika. Wa Dar es Salaam wana Pugu na Kazimzumbwi, msitu wa asili ulio mlangoni mwa jiji lenye mamilioni ya watu ambao Jumapili wanakaa kwenye foleni kwenda ufukweni kukaa kwenye viti. Dunia nzima tumeitangazia mita 5,895 za Kilimanjaro. Mita mia mbili za mteremko wa kumfaa bibi na mjukuu tumeziona ni aibu kuzitaja.

Sasa naingia kwenye sehemu inayonitia hofu, nayo ni kwamba unaweza kukubali. Nakufahamu, ingawa sikujui. Ukikubali utaleta greda. Utaiwekea jiwe la msingi ile njia ya maharage, utaijengea geti, banda la mapokezi na sanamu ya kima wa saruji, na bibi wa kuni ataambiwa azungukie upande wa pili. Naomba usitusaidie kiasi hicho. Bango la mbao lenye kilomita na muda wa kutembea linatosha, liandikwe na mtu aliyewahi kufika. Choo kimoja chenye maji. Bei ibandikwe mahali inaposomeka, na hela ya karatasi ipokelewe mtandao ukigoma. Barabara ikipanuliwa, mfereji wa zege uwekewe kivuko, maana mwanangu mdogo bado hawezi kuruka mita moja na dada yangu hawezi tena. Gogo la kijitoni liache lilivyo, watoto wanalipenda.

Jibu lako lisipofika kabla ya Jumapili, tutaazima ule mkungu wa ndizi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Baba wa watoto watatu,
Lushoto.

Nakala kwa:
Bibi wa kuni, asomewe na mwongozaji, ambaye pia akumbushwe kwenda kwa mama yake.
Kijana wa bodaboda, kwa taarifa: bei ya kurudi tunaweza kuzungumza.