Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Reli ya Union Pacific

Omaha, Nebraska.

Niwie radhi kwa kukupotezea muda na habari za kitongoji ambacho hata treni zako hazikuona haja ya kukifikia.

Nicodemus iko kaskazini-magharibi mwa Kansas, kwenye nyika isiyo na mti wa kufungia mbuzi. Waliianzisha mwaka 1877 Wamarekani weusi, wengi kutoka Kentucky, ambao miaka michache nyuma walikuwa watumwa. Matangazo yaliwaahidi mji. Walipofika wakaona moshi ukifuka kutoka ardhini, kwani waliotangulia walikuwa wanaishi mashimoni. Kuna familia zilizogeuza njia papo hapo. Waliobaki walilima, na haikupita miaka kumi wakawa na makanisa, shule, hoteli, maduka, na magazeti mawili. Naam, Mheshimiwa, mawili!

Mwaka 1887, kwa unyenyekevu ninaojitahidi kuuiga hapa, wapiga kura wao waliridhia hati za dhamana za dola 16,000 ili reli ya Missouri Pacific ipite kwao. Haikupita. Kampuni hiyo mliinunua mwaka 1982, kwa hiyo shukrani zote naziweka kwenye bahasha moja. Mwaka 1888 reli yenu wenyewe ikapita ng'ambo ya pili ya Mto Solomon, maili chache tu kutoka hapo, pakazuka mji wa Bogue. Wenye maduka wakafungasha virago kuifuata. Wengine walihama na majengo yao. Sisemi mlikusudia ubaya. Labda daraja lingewagharimu, na mwenye mali ndiye ajuaye uchungu wake.

Posta ilifungwa mwaka 1953, na leo wakazi ni wa kuhesabika. Lakini wahandisi wako wasifadhaike: mwaka 1996 serikali ya Marekani iliitangaza Nicodemus kuwa eneo la kihistoria la taifa. Bogue, pamoja na reli yake, haijapewa cheo hicho.

Kila mwisho wa Julai vizazi vya waanzilishi hurudi kutoka majimbo ya mbali kuadhimisha kukombolewa kwa watumwa. Ombi langu ni dogo, wala halihusu fidia, Mungu apishe mbali. Njoo, Mheshimiwa, ukae nao siku moja, uwasikilize. Ila tafadhali uje kwa gari.