Kawia Ufike: Mwongozo wa Mstaafu Anayetaka Kuvuka Bahari kwa Chombo Kidogo

Umekabidhi funguo za ofisi, umepigiwa makofi, umepewa saa ya ukutani, na kiinua mgongo kimeingia benki. Kila mtu ameshakupangia matumizi yake. Shemeji anataka mnunue bodaboda tatu, jirani anasifia fremu za maduka, na mwanao ana mchoro wa banda la kuku kwenye simu. Wewe usiku unasikia mawimbi. Mwongozo huu ni wako. Una utani ndani yake, kwa kuwa bahari na uzee vyote huvumilika zaidi kwa kucheka, lakini hakuna hatua humu iliyowekwa kwa kuchekesha tu. Ukiruka moja, anza upya.

Hatua ya 1: Staafu kweli

Kustaafu nusu hakutoshi. Mwenye kikao cha Jumatatu ataondoka Jumamosi hata kama wingu limekaa vibaya, na hivyo ndivyo watu wanavyoingia dhorubani huku wakiiona. Kinga ya kwanza ya baharia ni muda wa kusubiri, na wewe ndio kwanza umepewa.

Mtazame Jeanne Socrates, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Alijifunza matanga akiwa anakaribia miaka 50, na mwaka 1997 yeye na mumewe wakapata chombo ili watembee duniani. Mume alifariki mwaka 2003, mama akaendelea peke yake. Septemba 2019, akiwa na miaka 77, aliingia Victoria, Kanada, baada ya siku 339 za kuizunguka dunia bila kutia nanga popote na bila msaada wa mtu. Siku 339! Mwajiri gani angempa likizo hiyo?

Hatua ya 2: Sema nyumbani kabla hujanunua hata kamba

Usiwashtukize. Waite, kaeni, chai iwepo.

“Nataka kununua chombo nivuke bahari.”

“Baba, si ufuge kuku tu?” atasema binti yako.

“Baba watoto, wewe dawa za presha unazisahau hapa hapa nyumbani,” atasema mkeo, na hapo amekupa orodha yako ya kwanza ya maandalizi.

Usibishane nao. Andika kila hofu wanayoitaja, kisha itafutie jibu moja moja: dawa za miezi mingapi, nani atasimamia pensheni, mtawasiliana vipi, nani ataarifiwa mkipotezana. Pita kwa daktari, kisha kwa daktari wa meno, maana jino linalouma siku ya kumi na mbili baharini halina kliniki. Mwenza akiamua kwenda nawe, asiwe abiria. Ajue kushusha tanga, kuita msaada redioni na kukigeuza chombo akirudie aliyeanguka. Kama hawezi kukuokoa, uko peke yako na mgeni wa kumtunza.

Hatua ya 3: Nunua kidogo kuliko unavyotamani

Kiinua mgongo kina tabia ya kumfanya mtu aone vyombo vikubwa. Funga macho, kumbuka mabega yako. Tanga la chombo kidogo linaweza kushushwa na mikono ya miaka 66 usiku wa mvua; la chombo kikubwa litakuvuta wewe. Francis Chichester, aliyeizunguka dunia mwaka 1966 hadi 1967 akiwa na miaka 65, alitumia chombo cha zaidi ya mita 16 na hakuacha kulalamika kwamba kilikuwa kikubwa na kigumu kwa mtu mmoja. Mjapani Kenichi Horie alivuka Pasifiki mwaka 2022 akiwa na miaka 83, katika chombo cha mita 5.8 kisichofika tani moja. Hicho ni kifupi kuliko Coaster ya abiria.

Kwa wengi, mita 8 hadi 10 zinatosha. Ulaya na Marekani vyombo vya faiba vya miaka ya 1970 bado vipo sokoni, na vingine huuzwa kwa bei ya gari lililotumika. Lakini bei ya kununulia ni mwanzo tu. Tenga nyingine ya matanga, pampu, nanga na nyaya za chuma zinazoushika mlingoti, ambazo mabaharia wengi huzibadilisha kila baada ya miaka 10 hivi hata kama zinang’aa.

Kabla ya kulipa, inua mbao za sakafu uangalie ngama. Ukikuta maji, chovya kidole uonje. Yakiwa ya chumvi, bahari inaingia. Yakiwa matamu, tangi linavuja au mvua inapenya. Ulimi wako umekupa habari ambayo muuzaji hakuitaja.

Hatua ya 4: Ajiri baharia asiyekula

Hakuna binadamu anayeshika usukani wiki tatu mfululizo. Unahitaji usukani wa upepo. Nyuma ya chombo, juu ya tezi, husimama bamba jembamba lililoelekezwa upepo. Chombo kikiiacha njia, upepo hulipiga bamba ubavuni, bamba hulala, mwendo huo hupita kwenye kamba hadi kwenye usukani, na chombo hurudi njiani. Kifaa hiki hakili, hakinuni, hakitumii umeme. Chichester alitumia kifaa cha namna hii mwaka 1960 aliposhinda mashindano ya kwanza ya mtu mmoja mmoja kuvuka Atlantiki, kwa siku 40, akiwa na miaka 58.

Kasoro yake ni moja: hufuata upepo, hakifuati ramani. Upepo ukigeuka wakati umelala, nacho hugeuka kwa utiifu kabisa, hata kama mbele kuna mwamba. Kwa hiyo karibu na nchi kavu, baharia huyu hukaguliwa kila mara.

Hatua ya 5: Soma kalenda kabla ya ramani

Hapa mtu wa pwani yetu ana elimu ya urithi. Majahazi ya Uarabuni yalishuka Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa kaskazi, yakangoja miezi, yakarudi kwa kusi. Hakuna nahodha aliyeona aibu kungoja. Aliyekosa msimu alifunga chombo, akala ugenini hadi upepo ugeuke.

Sheria ni hiyo hiyo duniani kote, tarehe tu ndizo zinazobadilika. Anayevuka Atlantiki kutoka visiwa vya Kanari kwenda Karibi hungoja msimu wa vimbunga umalizike, akaondoka kuanzia Novemba hivi, upepo ukiwa mgongoni. Njia hiyo ina maili za bahari 2,700 hivi. Chombo cha mita 9 kikienda vizuri hukata maili 100 hadi 130 kwa siku, basi hesabu wiki tatu au nne. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, vimbunga huja zaidi kati ya Novemba na Aprili na kuzipiga Madagaska, Msumbiji na Morisi, kwa hiyo miezi hiyo huko si mahali pa kutembelea kwa matanga.

Ukiona ratiba yako inakulazimisha kwenda bisho wiki nzima, upepo ukikupiga usoni, tatizo ni ratiba. Ivunje.

Hatua ya 6: Geuza mayai

Niliona jambo hili Kilifi, ndani ya mkono wa bahari, ambako vyombo vya wageni hutia nanga kati ya safari na safari. Wazee wawili, mume na mke, walikuwa na chombo kisichozidi mita 10. Nilifika nikidhani nitakuta mitambo ya ajabu. Bwana alikuwa amekaa karibu na tezi, kipande cha ngozi kiganjani, anashona upindo wa tanga kwa sindano nene na uzi wa nta. Bibi alikuwa chini, amepiga magoti mbele ya trei za mayai, anageuza yai moja moja, ncha ya juu iende chini. Aliniambia hufanya hivyo kila baada ya siku mbili, awe na homa au bahari iwe imechafuka.

Sababu yake ni rahisi. Yai ambalo halijaoshwa wala kuingia kwenye friji hukaa wiki kadhaa, mradi lisikae upande mmoja muda mrefu kiasi cha kiini kugandamana na ganda. Nilimuuliza ni yapi magumu zaidi baharini, mawimbi au upweke. Akasema, “Mayai.” Hakuwa akitania. Mawimbi huja siku chache. Mayai ni kila baada ya siku mbili.

Mengine ya jikoni ni mepesi. Hesabu lita 3 hadi 4 za maji ya kunywa na kupikia kwa mtu kwa siku, ongeza akiba ya nusu, na usiyaweke yote kwenye tangi moja. Beba mchele, maharage, vitunguu, ndimu, na ng’onda waliokauka vizuri. Mboga za majani zile wiki ya kwanza. Funga sufuria kwenye jiko, uvae suruali ndefu unapochemsha maji.

Hatua ya 7: Lala kama mzee

Kijana huanguka usingizini kama gunia. Wewe umeshazoea kuamka saa nane, saa tisa, na saa kumi ukasikilize paa. Huo ni ujuzi, utumie. Meli kubwa inayokwenda kilomita 37 kwa saa hukata zaidi ya kilomita 12 kwa dakika 20. Ile uliyoiona kwa mbali kama kidoa inaweza kuwa juu yako kabla hujamaliza ndoto. Kwa hiyo anayesafiri peke yake kwenye njia za meli hulala vipande vya dakika 20, huamka, hutazama pande zote nne, kisha hurudi kulala. Katikati ya bahari, mbali na meli, vipande hurefuka. Kifaa cha kutambulisha meli kitakusaidia kwa kengele yake, lakini si kila mashua ya uvuvi imewasha chake.

Hatua ya 8: Jifunge kamba

Hatua hii haina utani. Chombo kinachokwenda kilomita 9 kwa saa huacha mita 150 nyuma kwa dakika moja. Ukianguka na uko peke yako, baharia wako asiyekula ataendelea na safari kwa ustadi ule ule, bila wewe. Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa matanga, kuanzia 1895 hadi 1898, hakujua kuogelea. Na kwa aliye peke yake mahali kama hapo, kujua kuogelea kungemwongezea muda wa kutazama chombo kikiondoka.

Vaa mkanda, funga kamba yake kwenye chombo kabla hujatoka nje ya mlango, usiku na mchana, hata bahari ikitulia kama sinia. Na haja ndogo, baba yangu, uifanye ndani, umekaa. Kusimama ukingoni kwa mkono mmoja ni ushujaa usiolipwa pensheni.

Hatua ya 9: Rudi nyuma bila kuona haya

Upepo ukianza kukutia wasiwasi, punguza tanga wakati huo huo. Ukisubiri uhakika, utalipunguza kwa kucha na meno. Chombo kikipata kasoro, geuza. Bandari uliyotoka haitakucheka, na ikikucheka, utakuwepo kuisikia.

Jeanne Socrates yule yule, mwaka 2008, alibakiza mwendo wa chini ya siku moja kukamilisha mzunguko wake wa kwanza. Chombo kikapanda ufukwe wa Mexico kikaishia hapo. Akapata kingine. Mwaka 2011, karibu na Cape Horn, mawimbi yakakilaza ubavu kikavunjika vibaya, akaingia bandarini. Mwaka 2013 ndipo alipoizunguka dunia bila kusimama, kwa siku 259. Mwaka 2017, akijiandaa kwenda tena, alianguka kutoka kwenye chombo kikiwa nchi kavu, akavunjika mifupa ya shingo na mbavu. Akalala, akapona, akaondoka mwaka uliofuata. Bill Hatfield, mvuvi mstaafu wa Australia, naye alikatisha majaribio kabla ya kufaulu mwaka 2020, akiwa na miaka 81, kuizunguka dunia peke yake kuelekea magharibi, njia inayokwenda bisho. Wote wawili walifika kwa sababu walikubali kurudi.

Hatua ya 10: Anza jikoni

Mwaka 1962 Kenichi Horie, kijana wa miaka 23, alitoka Japani bila pasipoti, akafika San Francisco kwa siku 94. Miaka 60 baadaye akaondoka San Francisco hiyo hiyo kurudi Japani, akatumia siku 69. Mzee alimshinda kijana. Hakuwa na nguvu kuliko yule wa 1962. Safari hii alikuwa anakwenda upande ambao pepo za biashara humsukuma mtu mgongoni, na njiani alipiga simu ya setilaiti nyumbani kila siku ili wasihangaike.

Basi kabla hujagusa kiinua mgongo, nenda sokoni leo. Nunua trei moja ya mayai yasiyooshwa, iweke kwenye kona ya jikoni yenye kivuli, na uyageuze yote kila baada ya siku mbili kwa mwezi mzima. Yageuze siku ya msiba, siku ya harusi, siku ya mpira, siku unayoumwa mgongo. Ukisahau hata mara moja, usihuzunike: binti yako alisema kweli, fuga kuku, nao utawatunza vizuri zaidi kwa somo hilo. Usiposahau, mwite mama watoto, muonyeshe trei, umwambie sasa mnaweza kuanza kuzungumza habari za chombo.