Jinsi ya Kuliposea Garimoshi Kipuri

Kipuri cha treni ya mfano hakinunuliwi, huposwa. Mtu anayeingia dukani akasema, "Nipe mpira wa gurudumu la treni," ni kama kijana anayezunguka mtaa mzima akitafuta mke bila kujua anamtaka binti wa nani, wa nyumba ipi. Atarudi mikono mitupu au, baya zaidi, na mchumba wa mwenzake. Utaratibu ufuatao ni wa treni za Märklin, kiwanda cha Göppingen, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1859. Vichwa vyake vya miaka ya 1950 vingali vinakimbia mezani hadi leo, na vinakimbia kwa sababu kuna watu waliovitafutia vipuri kwa adabu.

Kwanza, hakikisha bwana harusi anahitaji mke. Kichwa kinachosuasua huenda hakijapungukiwa na kitu. Kigeuze chali juu ya taulo. Mara nyingi utakuta nyuzi za zulia zimejizungusha kwenye ekseli, au mafuta ya zamani yameganda kama gundi. Safisha, weka tone moja la mafuta mepesi kwa ncha ya sindano, kisha jaribu tena. Treni nyingi hupona hapa hapa, na posa ikaahirishwa kwa furaha.

Pili, chunguza ukoo. Treni za H0 ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi, na reli zake zimeachana milimita 16.5. Waingereza wana OO, ndogo mara 76 tu, lakini inapita juu ya reli za upana ule ule. Kwa hiyo gurudumu la OO laweza kuteleza vizuri kwenye reli zako, huku behewa lake likionekana jitu mbele ya mengine. Wenye reli sawa si lazima wawe ndugu.

Tena Märklin ya H0 ina desturi yake ya umeme. Chini ya kichwa kuna ulimi wa chuma unaogusa vijinundu vilivyopangwa katikati ya mataruma. Umeme huingia kwa njia hiyo na kurudi kupitia reli zote mbili. Ndiyo maana magurudumu yake hayakutenganishwa kiumeme. Ukichukua ekseli hiyo ukaifunga kwenye treni ya mfumo wa reli mbili, ambamo umeme huingia kwa reli moja na kurudi kwa nyingine, utapata shoti kabla treni haijasogea hata shubiri.

Tatu, jua jina kamili. Tafuta namba ya modeli kwenye boksi au chini ya kichwa, na tunza karatasi yenye mchoro wa vipuri, kwani kila skrubu ina namba yake humo. Namba peke yake haitoshi. Kichwa namba 3000, kile kidogo cha mvuke cha aina ya 89, kilitengenezwa kwa miongo kadhaa na sehemu zake zikabadilika njiani. Basi fungua uone kwa macho yako. Ukihitaji kaboni za mota, tazama komuteta, ile sehemu inayozunguka ikiguswa na kaboni hizo: ikiwa bapa kama sahani, mota ya zamani huchukua kaboni moja na brashi moja ya shaba, ikiwa ya mviringo kama pipa, huchukua kaboni mbili zinazofanana. Hapo ndipo posa nyingi huvunjika.

Nne, tuma mshenga mwenye maneno machache. Muuzaji mzuri wa vipuri ni mtu wa kuheshimiwa, usimpe mafumbo. Andika hivi: "Habari za kazi. Naomba jozi moja ya brashi za mota, kichwa cha Märklin namba 3000, komuteta bapa. Picha ya mota na vipimo nimeambatisha." Barua ya namna hiyo hujibiwa.

Tano, andaa mahari. Kipuri huwa cha senti, na nauli ya posta ikakizidi mara kadhaa. Basi kusanya mahitaji ya mwaka mzima uagize kwa pamoja. Ila mipira ya magurudumu usiirundike: mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya pakiti, ukakauka na kupasuka kabla ya siku yake.

Sita, mpokee bibi harusi kwa heshima. Fungua bahasha juu ya sinia lenye ukingo, lililotandikwa kitambaa cheupe. Springi ya brashi ikiruka, itaonekana. Mpira wa gurudumu uvalishe kwa kijiti cha meno, maana bisibisi huukata, kisha uzungushe gurudumu uone kama haukujisokota.

Saba, posa ikikataliwa, usikate tamaa. Viwanda navyo hutikisika: Märklin yenyewe iliomba ulinzi wa muflisi mwaka 2009, ikaja kununuliwa na kundi la Simba Dickie mwaka 2013. Kipuri kisipotengenezwa tena, nunua kichwa kibovu cha namba ile ile ukichukue humo. Gia ya plastiki iliyopasuka inaweza kuchongwa upya kwa shaba na fundi mwenye subira.

Kazi ikiisha, chukua penseli. Ndani ya kifuniko cha boksi andika namba ya kipuri, tarehe, na aina ya komuteta uliyoikuta. Wewe huenda usiisome tena. Ataisoma mjukuu siku treni itakaposimama mikononi mwake, naye atajua aanzie mlango upi kubisha hodi.